Washa, Zima: Historia ya Cheche Kwenye Baiskeli ya Injini

Kwa Kiswahili tunaiwasha injini, kama tunavyowasha taa au jiko, na tukifika tunaizima. Ikigoma njiani tunasema imezimika. Sisi tuliokulia huku ng'ambo tumeyasikia maneno haya tangu utotoni, kwenye gari la wazazi, bila kuyafikiria sana: "Zima gari, tumefika." Polisi wa Tanzania nao wakizungumzia magari na pikipiki kwa pamoja husema "vyombo vya moto". Sasa, ukiitazama historia ya zile injini ndogo zinazofungwa kwenye baiskeli, utaona kwamba lugha yetu ilishika jambo la kweli kabisa. Injini ya petroli ni moto unaowashwa upya maelfu ya mara kila dakika. Na tangu mwanzo, tatizo lililowatoa watu jasho lilikuwa hilohilo: nani auwashe huo moto, na auwashe saa ngapi?

Makala hii ni ya historia, lakini ni historia yenye kazi. Siku hizi mtu akiwa Houston au Birmingham anaweza kuagiza injini ndogo kwa mtandao, ikaja kwenye boksi, akaifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe. Halafu siku ya tatu inakataa kuwaka. Anabadilisha hiki, ananunua kile, pesa zinaisha. Mara nyingi kinachokosekana ni mpangilio wa maswali kuliko kifaa. Maswali hayo yana zaidi ya miaka mia moja, na kila swali lilizaliwa na tatizo fulani la wakati fulani. Ukijua lilikotoka, hulisahau.

MOTO WA KWELI CHINI YA KITI

Mwaka 1885, huko Cannstatt karibu na Stuttgart, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo kwenye fremu ya mbao yenye magurudumu mawili. Nguvu yake ilikuwa nusu ya farasi mmoja tu. Wengi hukihesabu chombo kile kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli duniani.

Hakikuwa na plagi. (Kwa wasiojua, plagi ni kile kidude cha kaure na chuma kinachofungwa juu ya silinda, ambacho cheche huruka kwenye ncha yake.) Badala yake kulikuwa na kibomba chembamba kilichochomoza kutoka kwenye silinda, na nje yake taa ndogo ya petroli ikikichoma mpaka kiwe chekundu. Pistoni ikipanda, inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli, mchanganyiko unasukumwa ndani ya kile kibomba cha moto, unalipuka. Hapo neno "washa" halikuwa mfano hata kidogo. Ulikuwa unashika kiberiti, unawasha taa, unasubiri kibomba kipate moto, ndipo uondoke.

Inasimuliwa kwamba mnamo Novemba mwaka huo, kwenye safari fupi kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim, kiti cha chombo kile kilishika moto. Haishangazi. Mwali ulikuwa chini yake.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1897, ndugu wawili wenye asili ya Urusi waliokuwa wakifanya kazi Paris, Michel na Eugène Werner, waliweka injini juu ya gurudumu la mbele la baiskeli na kuiita Motocyclette. Ile ya mwanzo nayo iliwashwa kwa kibomba cha moto. Uzito wote uko mbele na juu, barabara ina utelezi, na ukianguka kuna mwali unaowaka pembeni ya petroli. Ndugu hao walihamia kwenye umeme, na kufikia mwaka 1901 walikuwa wameishusha injini mpaka mahali pa pedeli, ambapo pikipiki nyingi zimeiweka tangu hapo.

Lakini hatari ya moto ilikuwa nusu tu ya shida. Nusu ya pili ilikuwa wakati. Kibomba cha moto hakina saa. Huwezi kukiambia kiwashe mapema kidogo injini inapokimbia, au kichelewe kidogo inapotembea polepole. Kwa hiyo injini zile hazikuweza kuzunguka kasi sana. Kumbe cheche ina mambo mawili: iwepo, na ije kwa wakati wake. Likumbuke hilo, tutalirudia.

UMEME UNAOTOKANA NA MWENDO

Mwaka 1895 kampuni ya Kifaransa ya De Dion-Bouton ilitoa baiskeli ya magurudumu matatu yenye injini iliyowashwa kwa betri na koili. Koili ni waya mwingi uliozungushwa kwenye kipande cha chuma. Unaingiza umeme mdogo, ukiukata ghafla unatoka umeme mkali wa kuruka mwanya. Injini ile ilizunguka kasi kuliko zile za kibomba, na ikawa mfano wa kuigwa Ulaya nzima. Tatizo likawa betri. Betri za enzi zile zilikuwa nzito, zilimwaga maji yake, na zikiisha uko mbali na mji, basi. Unapiga pedeli mpaka nyumbani.

Hapa ndipo anapoingia Robert Bosch, aliyefungua karakana yake Stuttgart mwaka 1886. Mwaka uliofuata alitengeneza magneto kwa ajili ya injini ya kukaa mahali pamoja. Magneto ni mashine inayotoa umeme kwa kutumia sumaku na mwendo, bila betri. Mwaka 1897 Mwingereza Frederick Simms alimletea Bosch gari moja la De Dion-Bouton la magurudumu matatu, ili aone kama magneto inaweza kwenda kasi na injini ile. Fundi wake Arnold Zähringer akapata njia: badala ya kuzungusha sehemu nzito ya waya, akachezesha kikombe chepesi cha chuma kati ya waya na sumaku. Ikafanya kazi. Mwaka 1902 mhandisi mwingine wa Bosch, Gottlob Honold, akakamilisha magneto ya umeme mkali iliyofanya kazi pamoja na plagi, na mpango huo ndio mama wa mipango mingi ya injini ndogo hadi leo.

Fikiria maana yake kwa baiskeli. Baiskeli ina pedeli. Ukizipiga, gurudumu linazunguka, injini inazunguka, sumaku inapita mbele ya koili, na umeme unazaliwa palepale. Huhitaji betri wala swichi ya kuwashia. Miguu yako ndiyo betri. Ndiyo maana kwa miongo mingi magneto na baiskeli ya injini vilikwenda pamoja kama chai na maandazi.

BAADA YA VITA

Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945, watu walihitaji usafiri lakini hawakuwa na pesa ya gari, na petroli ilikuwa ya mgao. Katika nchi mbalimbali wazo lilikuwa moja: baiskeli ipo, tuiongezee injini.

Ufaransa ilitoa VéloSolex kuanzia 1946, injini ikiwa juu ya gurudumu la mbele na kuliendesha kwa kulisugua tairi kwa kiringi. Italia ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 48 iliyobuniwa Turin, kisha ikatengenezwa na Ducati kule Bologna. Uingereza, mwaka 1950, ilipata Cyclemaster, iliyotengenezwa katika kiwanda cha EMI hapo Hayes, magharibi mwa London. Hiyo ilikuwa na ujanja wake. Ulinunua gurudumu zima la nyuma, na ndani yake mlikuwa na injini ya sentimita za ujazo 25.7 pamoja na magneto yake. Unatoa gurudumu lako, unaweka lile, umemaliza.

Japani hadithi ilianza kwa mabaki ya vita. Mwaka 1946 Soichiro Honda, mjini Hamamatsu, alipata injini ndogo zipatazo 500 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuendesha jenereta za redio za jeshi. Akazifunga kwenye baiskeli, moja baada ya nyingine, zikanunuliwa zote. Zilipokwisha, akatengeneza yake mwenyewe mwaka 1947. Mwaka 1952 kampuni yake ilitoa Cub ya aina ya F, injini nyekundu na tangi jeupe, ikifungwa pembeni ya gurudumu la nyuma. Mshirika wake Takeo Fujisawa aliandika barua kwa maduka ya baiskeli yapatayo 50,000 nchini kote akiwaomba waiuze. Maelfu wakajibu.

Hebu tulia hapo kidogo. Watu wa maduka yale walikuwa mafundi wa mnyororo na tairi. Ghafla mteja anarudi na kusema, "Imekataa kuwaka." Fundi wa baiskeli ikabidi awe fundi wa cheche. Kila nchi iliyopokea baiskeli za injini ilipitia mlango huohuo, na kwetu Afrika Mashariki pia. Bodaboda za mwanzo, pale Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, zilikuwa baiskeli za kawaida zinazobeba abiria kwenye kiti cha nyuma. Pikipiki zilipochukua nafasi yao, pembeni ya kila kijiwe kukazuka mtu mwenye spana mbili tatu, plagi za akiba na kipande cha msasa.

INAVYOSEMA NDIVYO INAVYOITWA

Kuna jambo moja kwenye majina ya vyombo hivi linalonifurahisha kila nikilifikiria. Wajapani waliziita baiskeli za Honda "bata-bata", kwa sababu ya mlio. Waitaliano waliiita injini yao Cucciolo, yaani mtoto wa mbwa, kwa jinsi ilivyobweka. Na Waswahili? Piki-piki-piki. Wengine, hasa Kongo, husema tukutuku. Watu wa mabara matatu, hawakuulizana, na wote waliipa mashine jina la sauti yake.

Sauti hiyo ndiyo cheche. Kila "pi" ni mlipuko mmoja ndani ya silinda, na kila mlipuko umeanzishwa na cheche moja. Injini ya mizunguko 4,000 kwa dakika, kama ni ya mipigo miwili, inahitaji cheche 4,000 katika dakika hiyo. Ikikosa chache, jina linakatika: piki… piki-pi… pi. Ndiyo maana fundi mzoefu huinamisha kichwa kwanza na kusikiliza kabla ya kushika spana.

MASWALI YA FUNDI, KWA MPANGILIO

Mafundi wa zama za magneto walikuwa na utaratibu, na sababu yake ni rahisi: anza na kilicho rahisi kutazama na kinachoharibika mara nyingi, malizia na kilicho ghali.

Swali la kwanza: ni petroli au ni cheche? Piga pedeli mara kadhaa, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa imelowa petroli, chakula kinafika ila moto hauwashwi. Ikiwa kavu kabisa, acha umeme kwanza, katazame tangi, bomba na kabureta. Ikiwa nyeusi kwa masizi na oili, huenda cheche inapotelea kwenye uchafu. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa.

Swali la pili: cheche ipo? Funga plagi kwenye kofia ya waya wake, lakini ikae nje ya silinda. Mwili wake wa chuma uguse chuma cha injini. Zungusha injini, ukiwa kivulini. Unatafuta cheche ya buluu yenye mlio mkavu. Ikiwa ya njano na dhaifu, kuna ugonjwa. Hapa kuna tahadhari mbili za kweli. Usiishike plagi kwa mkono mtupu, tumia koleo lenye mpini wa mpira au plastiki. Na iweke mbali na tundu la silinda, kwani mvuke wa petroli hutoka hapo. Hatutaki kurudia mkasa wa kiti cha mwaka 1885.

Swali la tatu: hakuna cheche, je, ni plagi yenyewe? Jaribu nyingine unayojua ni nzima. Pima mwanya wake. Kwa injini nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.5 na 0.7, na kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Tazama na waya mnene na kofia yake. Maji kidogo au ufa mdogo unatosha kuupeleka umeme pembeni.

Swali la nne ndilo wengi hulisahau: je, kuna kitu kinaizima? Kwenye magneto, kitufe cha kuzimia hakikati umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. Kinaupeleka umeme kwenye fremu, ukapotea hapo. Kwa hiyo waya wa kitufe ukichubuka na kugusa chuma, injini imezimwa muda wote, hata kitufe usipokibonyeza. Utoe waya huo, ujaribu tena. Cheche ikirudi, umemaliza kazi bila kununua chochote.

Swali la tano ni la injini za zamani: pointi zikoje? Pointi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kuukata umeme wa koili kwa wakati wake. Kwenye injini za aina hii mwanya wake huwa karibu milimita 0.4. Vikiingia oili au kutu, vinasuguliwa taratibu kwa msasa laini, vinafutwa. Vikiungua mara kwa mara, mtuhumiwa ni kondensa, kidude kinachozuia cheche isiruke kwenye pointi badala ya kwenye plagi.

Swali la sita: inawaka ikiwa baridi, ikipata joto inazimika, ukiiacha ipoe inawaka tena? Mara nyingi hiyo ni koili. Ngozi ya waya wake imechoka, joto likija umeme unapata njia ya mkato.

Na swali la saba linaturudisha kwa Daimler: cheche ipo, nzuri kabisa, petroli ipo, lakini injini inapiga chafya au inarudisha teke. Basi cheche inakuja wakati usio wake. Sumaku za magneto hukaa kwenye flaiwili, na flaiwili inashikwa kwenye shafti na kipande kidogo cha chuma. Kipande hicho kikikatika, flaiwili inahama kidogo, na saa yote ya injini inapotea. Mtu anaweza kununua plagi kumi asipate dawa.

KISANDUKU CHEUSI

Injini unayoagiza leo kwa mtandao haina pointi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 pikipiki zilianza kupata mfumo wa CDI, ambao hukusanya umeme kwenye kapasita na kuuachilia kwa mkupuo. Kawasaki iliuweka kwenye H1 yake ya mwaka 1969, na baadaye ukashuka mpaka kwenye injini ndogo kabisa. Hakuna kinachosuguana, hakuna cha kupiga msasa. Cheche ni kali na haichoki upesi. Hakuna fundi mwenye akili anayelilia pointi katika siku ya mvua.

Lakini kisanduku kimejazwa gundi ngumu. Hakifunguki. Kikifa, kimekufa, unachoweza kufanya ni kuweka kingine na kuona. Kwa hiyo watu wengi wamejenga tabia ya kuanza na kisanduku, kwa sababu ndicho wasichokielewa. Mpangilio unageuzwa kichwa chini, kilicho ghali kinatangulia. Wakati kwenye injini hizi ndogo za baiskeli matatizo mengi bado ni yaleyale ya mwaka 1950: plagi chafu, kofia iliyolegea, kitufe kilichogusa fremu, waya uliokatika kwa mtikisiko. Maswali manne ya kwanza hayakuguswa na CDI hata kidogo. La tano tu ndilo limefutwa, na mahali pake una nyaya chache za kukagua na koili ya kupima kwa mita.

Ninaloona liko hatarini hapa ni kubwa kuliko baiskeli moja. Fundi wa pointi aliweza kumweleza mteja kilichoharibika, akakionyesha kwa kidole. Anayebadilisha visanduku tu hana cha kueleza. Mteja naye anarudi nyumbani hajui kitu, na siku nyingine atalipa tena. Ujuzi huo ukipotea, maneno yake yanapotea nao. Wengi wetu tuna Kiswahili cha jikoni na cha sebuleni. Cha gereji hatukupewa, kwa sababu huku gari linapelekwa kwa watu wasiokizungumza.

Na mashine zenyewe zinabadilika tena. Kigali, tangu mwaka 2019, kuna pikipiki za umeme zinazobeba abiria kwa biashara, na Nairobi nazo zipo. Hazina plagi, hazina petroli, hazisemi piki piki. Watu bado wanaziita pikipiki, na bado wanasema "washa".

Kabla hujafunga injini yako, jambo moja la mwisho. Uingereza, baiskeli yenye injini ya petroli ni chombo cha moto mbele ya sheria: usajili, leseni, bima, vyote vinahitajika barabarani. Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Ulizia unapoishi.

Na kama nyumbani kuna baba, mjomba au shangazi aliyewahi kupiga kiki au kusukuma pikipiki iliyogoma, mwulize walikuwa wanaviita nini hivi vidude: plagi, pointi, kondensa, flaiwili. Majina hubadilika kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Mrekodi, ututumie sauti yake. Tutaziweka kwenye kipindi kijacho.